Ramayana na Mahabharata: mwandishi wa leo ana haki ya kubadili kiasi gani?

Mwanzisha mada

Wakuu, kila riwaya au filamu mpya inayosimulia upya Ramayana na Mahabharata, tenzi mbili kuu za kale za India, ikitoka, India inawaka. Mwaka 2023 filamu ya Adipurush, inayosimulia Ramayana, ilibidi ibadilishiwe maneno ikiwa tayari inaonyeshwa, kwa sababu watu walichukizwa kumsikia Hanuman, mungu mwenye umbo la nyani, akiongea lugha ya vijiweni. Kathmandu nako wakazuia filamu za Kihindi kwa sababu ya mstari mmoja tu uliomwita Sita, mke wa Rama shujaa wa Ramayana, binti wa India, ilhali Wanepali wanaamini alizaliwa Janakpur, kwao. Swali langu: mwandishi ana ruhusa ya kugeuza visa hivi apendavyo, au kuna mpaka? Mimi nasema mpaka upo, nao ni huu: ujue unachokibadili kabla hujakibadili. Wengi hawajui.

Kisutu

Mkuu, mimi nakwenda mbele zaidi yako. Rama si mhusika wa riwaya. Kwa mamilioni ya watu ni Mungu aliyeshuka duniani, na jina lake ndilo linalotamkwa maiti inapopelekwa kuchomwa. Ramcharitmanas, utenzi wa Rama ambao mshairi Tulsidas alianza kuutunga Ayodhya mwaka 1574, mpaka leo husomwa kwenye nyumba za waumini mwanzo hadi mwisho bila kukatiza, wasomaji wakipokezana usiku kucha. Anayekigeuza kisa hiki anagusa ibada ya watu, wala asishangae wakikasirika.

Mhariri

Ndugu Kisutu, hasira za waumini nazielewa. Ila huyo Tulsidas mwenyewe alibadili, tena pakubwa. Kwa Valmiki, mtunzi wa Ramayana ya kale, mwenye beti takriban 24,000 za Kisanskriti katika vitabu saba, anayeingia motoni kuthibitisha usafi wake ni Sita mwenyewe. Kwa Tulsidas, aliyetekwa na Ravana, mfalme wa mapepo, ni kivuli tu. Sita halisi alikuwa amehifadhiwa na Agni, mungu wa moto, na moto ulikuwa njia ya kumrudisha. Kamban, aliyeandika kwa Kitamil karne ya 12, hakutaka hata mkono wa Ravana umguse Sita, hivyo Ravana anaing'oa ardhi pamoja na kibanda na kuibeba. Vimalasuri, mfuasi wa dini ya Jaini, alimpa Lakshmana, mdogo wake Rama, kazi ya kumuua Ravana, ili Rama asimwage damu.

Sasa angalia visa ambavyo watu huapa kwamba ni "vya asili". Ule mstari ambao Lakshmana aliuchora chini ili Sita asiuvuke? Valmiki hana. Bibi Shabari, mwanamke maskini wa msituni, kuyaonja matunda kabla ya kumpa Rama? Valmiki hana.

Kwa Mahabharata tuna kipimo kizuri zaidi. Taasisi ya Bhandarkar mjini Pune ilianza mwaka 1919 kulinganisha miswada, ikamaliza 1966, na miswada iliyopitiwa ni 1,259. Kila ubeti uliandikwa juu ya karatasi yake, kisha tofauti za kila mswada zikajazwa chini yake, silabi kwa silabi. Kilichokutwa kaskazini na kusini kikabaki kwenye matini. Kilichokutwa upande mmoja tu kikashushwa chini ya ukurasa au kupelekwa kwenye viambatisho. Kisa cha mungu Ganesha kumwandikia Vyasa, anayetajwa kuwa mtunzi wa Mahabharata, kiliangukia viambatisho.

Na kuna kimoja kinachoniuma. Inasimuliwa kila mahali kwamba Draupadi, mke wa ndugu watano wa Pandava, alimcheka Duryodhana, binamu na hasimu wao, alipoteleza majini kwenye jumba lao jipya, akamwita kipofu mwana wa kipofu, na vita vikaanzia hapo. Katika matini ya Kisanskriti, msimulizi anasema wanaocheka ni ndugu wanne wa Pandava, yaani Bhima, Arjuna na wale mapacha, pamoja na watumishi. Draupadi hatajwi hapo; ni Duryodhana mwenyewe anayedai baadaye kwamba alicheka, na tusi la kipofu halimo. Mwanamke amebebeshwa lawama ya vita kwa tusi ambalo hakulitoa.

Mtunzi

Asante sana Mhariri, umenifungulia mlango. Ndiyo maana natetea masimulizi mapya kwa sauti ya Draupadi au Sita, ila yaandikwe kwa ufundi. Chukua ukumbi wa kamari. Yudhishthira, mkubwa wa Pandava, akicheza na upande wa Duryodhana ameweka na kupoteza mali, ufalme, ndugu zake wanne, kisha yeye mwenyewe, na mwisho mkewe. Anatumwa mtumishi kwenda kumwita Draupadi, ambaye yuko hedhini na amevaa nguo moja tu. Haendi. Anamrudisha mtumishi na swali: kamuulize mcheza kamari, alijipoteza nafsi yake kwanza au alinipoteza mimi kwanza? Kama alikwisha kuwa mtumwa, mtumwa ana mali gani ya kuweka rehani? Bhishma, mzee wa wote mle ndani, anashindwa kulijibu: anakubali kwamba asiye na mali hawezi kuweka cha mwenzake, kisha anasema mke naye yuko chini ya amri ya mume. Anayesimama kumtetea ni Vikarna, mdogo wake Duryodhana. Baadaye mfalme Dhritarashtra, baba kipofu wa Duryodhana, anampa Draupadi maombi. La kwanza anamkomboa Yudhishthira, la pili anawakomboa wale wanne pamoja na magari na silaha zao, la tatu analikataa.

Huyo ni mwanamke anayeendesha hoja ya sheria mbele ya ukumbi mzima. Waandishi wengi wa leo wanaodai kumpa sauti wanamfanya alie tu kurasa kumi, swali lenyewe wamelitupa! Wamempa sauti ndogo kuliko aliyokuwa nayo.

Kosa la pili ni la nafsi ya kwanza. Ukisimulia kwa "mimi Draupadi", utafanyaje siku 18 za vita ambazo hakuwa uwanjani? Mahabharata yenyewe inalimaliza hilo kwa Sanjaya, anayejaliwa kuona vita kwa mbali na kumsimulia mfalme kipofu. Bila chombo kama hicho, vita vyote vitakuwa habari za kuletewa, na msomaji atachoka kabla ya siku ya tatu.

Halafu wanaofupisha hukata pasipostahili. Bhishma aliongoza jeshi la Duryodhana siku 10, Drona 5, Karna 2, Shalya 1. Ukizikata siku za Drona umemkata Abhimanyu, mwana wa Arjuna, aliyezingirwa na kuuawa siku ya 13, na hasira ya Arjuna ya siku ya 14 itabaki haina mzazi. Ukifunga kitabu Duryodhana anapovunjwa paja, umemwachia msomaji ushindi mtamu ambao haupo: usiku ule ule Ashwatthama, mwana wa Drona, anaingia kambini watu wakiwa wamelala na kuwaua wana wote watano wa Draupadi.

Kisutu

Dada Mtunzi, kwa hoja ya ukumbi wa kamari nakubaliana nawe kabisa. Ila Mhariri, hakuna anayeabudu kwa kitabu cha Pune. Kile ni chombo cha wasomi. Shabari aliingia kwa sababu waumini walimpenda Rama na wakataka kuonyesha kwamba Mungu hula hata masalio ya maskini. Kivuli cha Sita kadhalika. Waliongeza wakiwa wamepiga magoti. Wa leo wengi wanaongeza ili kuuza.

Wala sisemi aandike Mhindu peke yake. Tamthilia ya televisheni ya Mahabharat ya B. R. Chopra, ya miaka 1988 hadi 1990, maneno yake yaliandikwa na Rahi Masoom Raza, Mwislamu. Msimulizi wake ni Wakati mwenyewe, na waumini waliipokea kwa mikono miwili. Walichokiona mle ni heshima.

Mhariri

Heshima sawa, lakini nani anaipima? Kitabu cha saba cha Ramayana kina kisa cha Shambuka, mtu wa tabaka la chini anayeuawa na Rama kwa sababu alifanya ibada isiyoruhusiwa kwa tabaka lake. Wasimulizi wengi wenye heshima wanakiruka kimyakimya. Kuvempu, mshairi wa Kikannada, hakukiruka: alikiandikia tamthilia akakigeuza. Na katika Ramayana yake, Rama naye anaingia motoni pamoja na Sita. Amebadili jambo zito kuliko wengi wanaoshtakiwa leo, na kazi hiyo ndiyo iliyompatia Jnanpith, tuzo kubwa ya fasihi ya India, ya mwaka 1967.

Hatari ya kipimo cha hasira tumeiona. Mwaka 2011 Chuo Kikuu cha Delhi kiliondoa kwenye mtaala insha ya A. K. Ramanujan iliyoeleza wingi wa Ramayana, baada ya malalamiko. Insha ile haikubuni kitu. Ilieleza matoleo yaliyokuwepo karne nyingi. Na kulikuwa na kifungu cha 295A kilichoingizwa kwenye sheria ya jinai mwaka 1927, ambacho mwaka 2024 nafasi yake ilichukuliwa na kifungu cha 299 cha sheria mpya, kifungo hadi miaka 3 kwa anayetukana dini kwa makusudi na kwa nia mbaya. Ndiyo kusema mchapishaji mdogo hahitaji kushindwa mahakamani. Gharama za kesi pekee zinatosha kumfanya akitoe kitabu sokoni.

Mwanzisha mada

Basi nabana swali. Kisutu, Kuvempu alimtia Rama motoni. Kwa kipimo chako, alivuka mpaka au hakuvuka?

Kisutu

Hakuvuka. Kuvempu hakumshusha Rama, alimpandisha: mume aliyekataa mkewe aungue peke yake. Ila angeondoa moto wote na kumfanya Rama mume mkatili tu, bila maumivu yake na bila machozi aliyomlilia Sita msituni, ambayo Valmiki mwenyewe ameyaandika kwa kurasa nyingi, hapo ningesimama kupinga. Kupinga kwa kalamu, Mhariri, siyo mahakamani.