Kilwa Kisiwani kutoka Mafinga: tuvuke saa ngapi?

Mwalimu wa Mafinga: Wakuu, tunapeleka wanafunzi 24 wa kidato cha tatu Kilwa Kisiwani, kile kisiwa chenye magofu ya mji wa kale, mwezi wa saba. Huku nyanda za juu bahari hatuijui. Nasikia maji yakitoka boti haifiki ufukweni. Tuvuke saa ngapi, na tuanze Gereza, ile ngome ya kale, au Husuni Kubwa, lile kasri la sultani?

Bamvu: Mwalimu, angalia mwezi kwanza, saa baadaye. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvu: maji hupwa sana mnamo saa 4 hadi saa 5 asubuhi, hujaa mnamo saa 10 jioni. Mkifika saa hiyo ya asubuhi boti inakwama mbali, na watoto wanashukia kwenye tope na matumbawe yanayokata miguu. Nusu mwezi ni maji mafu: asubuhi hiyohiyo ndiyo yanajaa, na hata yakipwa hayaendi mbali. Panga siku hizo. Kumbuka maji huchelewa kama dakika 50 kila siku, hivyo saa ya juzi usiitumie leo.

Mtu wa Uyole: Nyongeza: mwezi wa saba ni kusi, upepo utokao kusini, na mchana upepo huzidi. Rudini kabla haujachafuka. Kibali kateni Kilwa Masoko kabla ya kupanda boti, na maboya ya kuvaa yahesabiwe gatini, moja kwa kila mtoto. Yakipungua, vukeni kwa awamu. Tena msilazimishe safari ya siku moja. Dar hadi Masoko peke yake ni zaidi ya kilomita 300.

Msoma kuta: Anzeni Husuni Kubwa jua likiwa changa, maana ndiko mbali. Waonyeshe birika la pembe nane. Rudini kwa Msikiti Mkuu, mmalizie Gereza, karibu na boti, miguu ikiwa imechoka. Waelezeni kwamba Wareno walijenga ngome hapo mwaka 1505, wakaiacha 1512. Linaloonekana leo kwa sehemu kubwa ni kazi ya Waomani wa karne ya 19. Msikitini wasogee ukutani watazame: jiwe ni tumbawe, vitundu vyake vinaonekana, na chokaa iliyolishika ilichomwa kutokana na matumbawe hayohayo. Wasibandue hata kipande, wala wasipande juu ya kuta.

Mwalimu wa Mafinga: Asanteni sana. Viatu je?

Bamvu: Raba za kufunga kamba, zinazoweza kulowa. Kandambili hunaswa na tope.