Kliniki ya wajawazito: kadi imejaa presha 120/80, mashine yenyewe hatujawahi kuiona!

Wakuu, nina hasira, mtanisamehe nikivuka mpaka.

Mke wangu mimba imevuka miezi saba. Tangu aanze kliniki kwenye kituo cha afya cha huku kwetu, kadi yake inasoma presha 120/80. Hudhurio la kwanza 120/80, lililofuata 120/80, na mengine yote hivyo hivyo. Nikawa natamba kabisa kwamba mama watoto yuko vizuri. Wiki hii akaanza kuumwa kichwa kisichosikia dawa, mara anaona vimulimuli. Nikamkimbiza zahanati ya binafsi: 160/110, na mkojo una protini. Rufaa ikaandikwa pale pale. Ninavyoandika hapa yuko wodini, wanamchoma sindano za kuzuia kifafa cha mimba.

Namuuliza, kwani kule walikuwa wanakupimaje? Ananijibu mashine haina betri, nesi anakuangalia usoni, anaandika. Mkojo je? Vijiti vya kupimia vimeisha, ukiwa na hela kapime nje. Yaani tumbo limeguswaguswa, kapewa vidonge vya damu na SP (dawa ya kuzuia malaria), kwaheri mpaka tarehe nyingine.

Presha ya mimba haipigi hodi. Mtu anaweza kuwa na 140/90, ambayo tayari ni hatari, na bado anadeki nyumba. Ndiyo maana inapimwa kwa mashine, si kwa kumtazama mtu usoni. Shirika la Afya Duniani mwaka 2016 lilipandisha mahudhurio kutoka manne hadi manane, na matano kati ya hayo ni kuanzia wiki ya 30, kwa sababu huko mwishoni ndiko mambo huharibika haraka. Sasa aende mara nane kufanya nini? Kukusanya mihuri?

Kinachoniuma zaidi: siku ya kwanza kabisa walimrudisha nyumbani kwa kuwa hakwenda na mimi. Eti mwenza aje, la sivyo alete barua ya mwenyekiti wa mtaa. Nikaacha kibarua, nikaenda, tukapimwa VVU wote wawili, sina kinyongo na hilo. Ila mume akikosekana wanamwona haraka sana, betri ikikosekana miezi yote hiyo hakuna anayeiona!

Na wale wa "wahudumu ni wachache, mshahara mdogo", nawajua mko njiani mnakuja. Sikatai, foleni nimeiona kwa macho yangu. Lakini kama hujapima, acha wazi! Andika "haikupimwa". Tungejua, tungeenda kupima famasi ya jirani. Namba ya kubuni ndiyo iliyotulaza usingizi. Na hii "kapime nje" inatoka wapi wakati Sera ya Afya ya Tanzania ya 2007 inasema huduma za mjamzito kwenye vituo vya serikali ni bure?

Wenye wake, dada au wadogo zenu wanaohudhuria kliniki, fungueni kadi leo. Mkikuta presha haijabadilika hata tarakimu moja tangu mwanzo, mpelekeni akapimwe kwingine kabla hamjalala.

Kesho nakwenda kwa Mganga Mkuu wa Wilaya na kadi ya mke wangu mkononi. Aliyewahi kufikisha malalamiko ya namna hii yakafika mahali anielekeze: niandike barua kabisa, au nikionana naye inatosha? Na kadi nitoe nakala kwanza, maana naogopa "isije ikapotea".