Eti "ligeuze bango kichwa chini"! Huyu mchora mabango ya biolojia amezidi sasa

Wakuu, nina hasira hadi simu inatoa moshi. Mnamjua. Yule yule wa mabango ya kubandika madarasani. DNA yake (ile molekuli ya urithi, nyuzi mbili zilizosokotana) inajisokota kushoto. KUSHOTO! Akiambiwa, anajibu: "Ligeuze bango kichwa chini, itakuwa ya kulia."

Ligeuze kichwa chini!

Andika Z kwenye karatasi, igeuze kichwa chini. Ni Z. Igeuze mpaka karatasi iote ndevu, bado ni Z. Hesi, yaani umbo la msokoto kama springi, nayo ndivyo ilivyo. Isimamishe wima, tazama nyuzi za upande wa mbele: zikipanda kutoka kushoto kwenda kulia, kama mshazari wa Z, ni ya kulia. Zikifuata mshazari wa S, ni ya kushoto. Kinachobadili upande ni kioo tu, na ndicho alichofanya: kapindua picha ili ielekee maandishi, kisha akapachika A, T, G na C, herufi za besi za DNA, juu yake. Herufi zinasomeka sawa, basi hakuna anayeshtuka.

DNA ya kawaida ya kwenye seli ni ya kulia, jozi za besi kama 10 na nusu kwa mzunguko mmoja, kipenyo nanomita 2. Ina mfereji mpana na mwembamba, na protini nyingi zinazoisoma hushika ule mpana. Yeye kachora mifereji yote miwili sawa! Halafu mtu huyo huyo anakwambia ligeuze kichwa chini!

Chaki Nyeupe: Mkuu, punguza munkari, kunywa maji. DNA ya kushoto ipo, inaitwa Z-DNA. Kundi la mwanasayansi Alexander Rich kule MIT, chuo cha Marekani, lilionyesha muundo wake mwaka 1979. Na wewe umetuambia Z ni kulia 😂😂

Mleta uzi: Z-DNA imepewa jina kwa sababu uti wake (ule mnyororo wa nje unaobeba besi) unakwenda zigizaga, na ina jozi 12 kwa mzunguko. Ya bango ina jozi 10 na uti laini. Na hata hiyo ukiigeuza kichwa chini inabaki ya kushoto. KICHWA CHINI, jamani!

Mama Fulana: Tunaochapa kwa karatasi ya pasi ya moto lazima tuipindue picha kabla ya kuprinti. Ukisahau, DNA inatoka kushoto na maandishi nayo yanasomeka kinyume. Maandishi yakiwa sawa na DNA kushoto, picha ilikuwa mbovu tangu kwenye kompyuta.

SpanaKumi: Mnalia na picha? Njooni gereji. Regyuleta (kipunguza presha) ya asetilini, gesi ya kuchomelea, inafungwa kwa nyuzi za kushoto, yaani unakaza kwa kugeuza kushoto, makusudi, isije ikaingia kwenye mtungi wa oksijeni. Nati yake ina mikato kwenye kona, alama hiyo. Lakini yule jamaa (mnamjua) akitaka kuifungua anachomeka bomba kwenye spana anasukuma kushoto, kumbe anaikaza. Nati ya shaba, nyuzi zimekwisha, gesi inavuja, anailaumu regyuleta!

Kijana wa Baiskeli: Huyo huyo ndiye anayeua pedali. Pedali ya kushoto ina nyuzi za kushoto kwa sababu ekseli (mhimili wa pedali) ikizunguka ndani ya krenki (mkono unaoshika pedali) ya upande huo, nyuzi za kawaida zingejifungua zenyewe njiani. Tazama mwisho wa ekseli, kuna L au R. Anza kwa vidole, mizunguko miwili mitatu. Ikigoma, toa. Usishike spana kwanza!

Mleta uzi: Sasa turudi kwenye bango…

SpanaKumi: Kijana, zote mbili zinakaza kuelekea gurudumu la mbele, spana ikiwa juu ya ekseli. Hilo tu wangelikariri.

Chaki Nyeupe: Na krenki ya alumini ikishaliwa nyuzi?

Kijana wa Baiskeli: Usijaze gundi. Inatanuliwa tundu, inakatwa nyuzi mpya kubwa, inaingizwa bushi ya chuma yenye nyuzi nje na ndani. Ya upande wa kushoto, hakikisha bushi nayo ndani ni ya kushoto. Grisi kwenye ekseli kila unapofunga, la sivyo ikiganda humo utaitoa na bushi yake.