Rangi inabanduka chini ya ukuta, fundi anataka kupiga skimu tena

MwenyeUkuta:
Habari wakuu. Nyumba nimeijenga kidogo kidogo, na sasa tumehamia. Tatizo ni ukuta wa chumba cha nyuma. Kuanzia sakafuni hadi usawa wa goti rangi inavimba, inapasuka na kumwaga unga mweupe. Juu ya hapo pakavu kabisa. Fundi alikwangua akapiga skimu, lile tabaka jembamba la kulainisha ukuta kabla ya rangi, hali ikarudi. Sasa anashauri skimu tena, halafu rangi ya mafuta. Mwenzangu yeye anataka vigae, tusiuone tena. Aliyewahi kupambana na hili anisaidie.

BiNyundo:
Usibandike kitu! Huo unga ni chumvi. Maji yanapanda kutoka ardhini kupitia vitundu vya tofali, yakifika usoni mwa ukuta yanakauka, chumvi inabaki na kuisukuma rangi. Ukipaka ya mafuta unayafungia maji mlango, nayo yatatafuta pa kutokea juu zaidi. Vigae hivyo hivyo, tena utakuwa umetumia pesa nyingi.

Nje ya ukuta huo kuna nini? Kwangu ilikuwa bustani ya mume wangu. Alirundika udongo ukutani maua yapendeze, udongo ukaipita DPC, ile nailoni nzito inayolazwa juu ya msingi kuzuia maji yasipande. Ikishapitwa, haina kazi. Tulichimba hadi udongo ukawa sentimita 15 chini yake. Maua yalihamishwa kwa manung'uniko mengi.

MwenyeUkuta:
Nje kuna kibaraza cha zege, kimelingana na sakafu ya ndani. Kilimwagwa baada ya nyumba kuisha. DPC naambiwa ipo.

KokiMoja:
Kabla hujagusa kibaraza, hakikisha si bomba. Usiku funga koki zote, soma mita, asubuhi isome tena kabla mtu hajanawa. Ikisogea, kuna mahali panavuja. Pia bandika kipande cha nailoni ukutani, uzibe pande zote nne kwa utepe wa gundi, ukiache siku mbili. Jasho likiwa upande wa chumba, ni mvuke wa ndani, fungueni madirisha. Likiwa nyuma ya nailoni, maji yamo ukutani.

BiNyundo:
Sikiliza huyo, mita kwanza. Mita ikitulia, kibaraza hulazimiki kukivunja chote. Kata mtaro mwembamba kando ya ukuta, ushuke chini ya usawa wa DPC, uione kwa macho yako. "Naambiwa ipo" mimi siiamini hata kwa ndugu yangu. Ikiwepo, jaza kokoto mtaroni, uziache chini ya DPC. Isipokuwepo, kuna dawa ya krimu inayosindiliwa kwenye matundu yaliyotobolewa katika mstari wa saruji ya kuungia tofali za chini. Hiyo mpe anayeijua.

Ndani, bandua lipu hadi sentimita 30 juu ya alama ya unyevu. Lipu iliyokunywa chumvi huvuta unyevu wa hewani hata chanzo kikizibwa. Chumvi ifagie kwa brashi kavu. Ukiiosha inayeyuka na kurudi ndani. Kisha subiri. Kadirio la mafundi wengi ni mwezi mmoja kwa kila sentimita 2.5 za unene, kwa hiyo ukuta wa sentimita 15 ni kama nusu mwaka. Watu hushindwa hapa kuliko penye kuchimba. Wageni watauona ukuta uchi, waache wauone. Fundi wa skimu akikuharakisha, mlipe siku yake aende.

MwenyeUkuta:
Mita haikusogea, jasho lilikuwa nyuma ya nailoni. Tumekata kando ya kibaraza: DPC ipo, zege limeizidi kiganja kizima. Vigae tumeahirisha, mwenzangu amenuna kidogo. Je, maji ya paa naweza kuyaelekeza kwenye mtaro huo huo?

KokiMoja:
Hapana. Bomba la paa lipeleke mbali na msingi, kwenye shimo lake. Huo mtaro wa kokoto ubaki mkavu kadiri iwezekanavyo.