Euler alijuaje 2147483647 ni namba tasa bila kompyuta?

mpenda_namba: Wakuu habari, naomba mnisaidie hapa. Hii 2147483647, yaani 2^31 − 1, wanaoandika programu wanaijua sana maana ndo kubwa kuliko zote inayoingia kwenye biti 32 zenye alama ya chanya na hasi. Sasa nasoma kwamba mwanahisabati Euler alishathibitisha mwaka 1772 kuwa ni tasa, kwa mkono! Njia ninayoijua mimi ni kugawa kwa kila tasa hadi ufike kipeuo cha pili, hapa ni 46340 na pointi, na chini ya hapo kuna tasa zaidi ya 4,700. Aligawa zote kweli?

baki_sifuri: Hakugawa zote mkuu, na hapo ndo pana utamu. Kama p ni tasa (isiyo 2), kila kigawanyo tasa cha 2^p − 1 lazima kiwe na umbo la 2kp + 1. Angalia 2^11 − 1 = 2047, hiyo ni 23 × 89, toa moja moja unapata 22 na 88, zote zinagawanyika kwa 22. Sio bahati hiyo. Kama q, ambayo ni tasa, inaigawa 2047 basi 2^11 ikigawiwa kwa q inabaki 1, na kanuni ya mwanahisabati Fermat inasema 2^(q−1) ikigawiwa kwa q nayo inabaki 1, kwahiyo 11 lazima iigawe q − 1, na q − 1 ni shufwa, basi 22 inaigawa pia.

kipeo31: Naongezea, kigawanyo hicho ukikigawa kwa 8 lazima kibaki 1 au 7. Unganisha masharti yote mawili, kwa 31 zinabaki 248k + 1 na 248k + 63 tu. Hadi 46340 ziko 373, na nyingi humo si tasa unaziruka: 63 nje, 249 nje maana ni 3 × 83, ya kwanza ya kujaribu kweli ni 311. Kazi ya mkono inayowezekana kabisa, nzuri mno.

mpenda_namba: Asanteni sana aisee. Na ile namba tasa iliyogunduliwa 2024, 2^136279841 − 1, tarakimu zaidi ya milioni 41, nayo ni hivihivi?

baki_sifuri: Hapana, huko kugawa kunasaidia kuzitupa mapema zenye vigawanyo vidogo. Kuthibitisha wanatumia kipimo cha Lucas na Lehmer: anza na 4, piga mraba, toa 2, chukua baki ukigawa kwa 2^p − 1, rudia mara p − 2, ukiishia sifuri ni tasa. Jaribu 2^5 − 1 = 31: 4, halafu 14, halafu 194 inabaki 8, halafu 62 inabaki 0. Tasa. Kwa 2147483647 ni mara 29 tu.

kipeo31: Ila kipimo hicho hakikwambii vigawanyo. Lucas alionyesha mwaka 1876 kwamba 2^67 − 1 si tasa bila kukitaja hata kimoja, mpaka 1903 mwanahisabati Cole ndo akaja na 193707721 × 761838257287.