Hakathoni ya afya Amu: tuanze na vijana wa kompyuta ama na manesi?

Mwana_wa_Langoni
Assalam aleikum ndugu zangu. Mie na wenzangu wanne twataka kufanya hakathoni ya afya (timu zashindana kubuni kitu kwa muda mfupi) hapa Amu, yaani Lamu, siku mbili, wikendi baada ya Ramadhani inshallah. Ukumbi tushaahidiwa, bando tutachangishana. Fikira yetu ni kukusanya vijana wanaojua kompyuta watengeneze kitu cha kuwafaa wagonjwa wa visiwani, maana nyote mwajua mambo ya Pate na Ndau na Kiwayu, mtu akizidiwa usiku ndo watu waanze kutafuta boti, wakipata boti watafute mafuta, na maji yakiwa makavu ule mlango wa bahari wa Mkanda haupitiki. Sasa swali, hizi hakathoni kweli huzaa kitu ama huishia kwa fulana na picha? Mwaka jana nilienda moja Mombasa, timu yetu ikashinda na apu ya miadi ya kliniki, tukapewa hundi, na mpaka leo hajatokea mgonjwa hata mmoja akaitumia. Laniuma sana hilo, sitaki tulirudie nyumbani.

FundiSimu_Malindi
Waleikum salaam kaka. Huzaa, lakini angalia ni nani aliyeleta shida mezani. 2012 kule Boston kulikuwa na hakathoni, daktari wa watoto kutoka Mbarara Uganda, Data Santorino, akaja na jambo lililokuwa lamsumbua kazini: wakunga wafundishwa vizuri kumpa hewa mtoto aliyezaliwa hapumui, kwa ule mfuko wa kubinya na barakoa, halafu baada ya muda mkono husahau, hewa yavuja pembeni ama wabinya kasi mno na hakuna wa kuwaambia. Akakaa na injinia Kevin Cedrone wakatoa kidude cha kuchomeka kati ya mfuko na barakoa, kinamwonyesha mkunga papo hapo kama hewa yaingia sawa. Zile siku zilitoa wazo na mfano wa kwanza tu, kujaribu kulichukua miaka. Nyinyi mna nani wa kuishika kazi Jumatatu wageni wakishaondoka?

Nesi_Visiwani
Mimi ni nesi, nipo dispensari moja ya visiwani, jina niliache. Kuna usiku mama alitokwa na damu nyingi baada ya kujifungua, nikapiga simu tano, mwenye boti wa kwanza yuko baharini, wa pili hana petroli, wa tatu hashiki, na hapo nimetoka nje kutafuta netiweki karibu na tangi la maji huku mgonjwa ndani yuko na mamake peke yake. Boti ilipokuja maji yashakupwa, tukambeba kwa kitanda tukipita kwenye matope. Alipona alhamdulillahi. Mimi sikuhitaji apu yenye rangi nzuri, nilihitaji kujua saa ile nani ana boti na mafuta, maji yajaa saa ngapi, na kule twendako wajue tunakuja wapange damu mapema. Iwe ya ujumbe mfupi, ifanye kazi kwa kabambe, zile simu ndogo za vitufe. Na mkituita tafadhali tukae meza moja na hao vijana tangu asubuhi ya kwanza, msitulete jioni kupiga makofi.

Bi_Takwimu
Naunga mkono dada nesi. Msiwasahau wale wahudumu wa afya ya jamii, serikali ya Kenya ilizindua laki moja nchi nzima Septemba 2023 na walipewa simu za kuandikia data, wao ndo wajua mjamzito gani yuko nyumba gani. Halafu kitu kimoja, msichezee majina na magonjwa ya watu kwa majaribio, Sheria ya Kulinda Data ya 2019 yahesabu habari za afya kuwa nyeti. Tumieni wagonjwa wa kubuni mpaka mpate ruhusa.

Mwana_wa_Langoni
Wallahi nimesoma ya nesi mara tatu. Tumeongea leo barazani, twasogeza tarehe mbele. Kwanza twaenda Faza na Kizingitini kukaa na manesi na manahodha, tuandike shida kwa maneno yao, halafu ndo vijana waitwe. Hundi ya washindi pia tumeiondoa, zile pesa zitalipa mtu mmoja miezi mitatu aifuatilie kazi. Dada nesi, zamu yako huwa wapumzika siku gani? Nahodha tunaye, atakuja kukuchukua maji yakijaa.