Naomba ushauri: nimwasilishe vipi Ignazio Silone?

Ndugu wanachama, shikamooni wakubwa, na wengine habari za kazi.

Nimepewa jukumu la kumwasilisha mwandishi wa riwaya wa Italia, Ignazio Silone, mbele ya kikundi chetu cha usomaji, nami nimekwama. Alizaliwa Pescina, mji mdogo wa Italia, mwaka 1900, akampoteza mama yake katika tetemeko la ardhi la 1915, akawa miongoni mwa waasisi wa Chama cha Kikomunisti cha Italia mwaka 1921, na akafukuzwa humo mwaka 1931. Akiwa uhamishoni Uswisi aliandika riwaya ya Fontamara, iliyotoka mwaka 1933, ambamo wakili anawahadaa wakulima maskini wakubali tajiri achukue robo tatu ya maji ya kijito, nao wapate robo tatu ya yatakayobaki. Sehemu hiyo inanichoma kila ninapoisoma.

Tatizo ni kwamba miaka ya 1990 watafiti Dario Biocca na Mauro Canali walitoa nyaraka wakidai kuwa Silone aliwapelekea polisi wa utawala wa dikteta Mussolini habari za wenzake. Wapo wanaopinga, na wapo wanaosema alitaka kumwokoa mdogo wake Romolo, aliyekamatwa mwaka 1928 na kufia gerezani mwaka 1932. Nilipoandaa maelezo nikianza na madai hayo, riwaya ilimezwa kabisa. Nilipoyaondoa, niliona ninawaficha wasikilizaji jambo zito.

Je, madai hayo niyaeleze kabla ya kusoma dondoo au baada yake? Na je, Fontamara pekee inatosha, au niongeze riwaya yake nyingine, Pane e vino (Mkate na Divai), ambayo aliiandika upya baada ya Vita vya Pili vya Dunia?

Natanguliza shukrani.